Ajira Jinja inapanda au inashuka? Namna ya kujipimia mjini kwenu

Swali: Habari mtaalamu. Mimi ni mweka hazina wa chama cha vijana cha kuweka na kukopa huku Walukuba, Jinja. Dada yangu anaishi mji mdogo huko Marekani, na kila mwezi hutangaziwa asilimia ya watu wasio na kazi katika mji wao. Sisi tunasikia za taifa tu: mara asilimia 12, mara asilimia 3 hivi. Steji za boda zimejaa vijana. Kuna wanaosema hali imezidi kuwa mbaya, na kuna wanaobisha. Tutajuaje hali ya Jinja yenyewe? Na chama kama chetu kinaweza kujipimia?

Jibu: Kinaweza, dada yangu, tena bila fedha nyingi. Lakini mkianza kwa kutafuta "asilimia ya wasio na kazi" peke yake mtapotea, kwa sababu kwa mji kama Jinja hiyo ndiyo namba dhaifu kuliko zote. Inaweza kushuka wakati watu wanaumia, na ikapanda wakati mambo yanaanza kutengemaa. Nitaeleza kwa nini, kisha tuingie kwenye upimaji wenyewe.

Kwanza hiyo tofauti ya 12 na 3. Zote mbili ni za Uganda na hakuna aliyedanganya. Kwa kanuni za kimataifa, mtu hahesabiwi kuwa hana kazi mpaka atimize masharti matatu kwa pamoja: wiki iliyopita hakufanya kazi yoyote ya malipo au faida hata kwa saa moja, katika wiki nne zilizopita alitafuta kazi kwa vitendo, na leo akiitwa yuko tayari kuanza. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) wakabadilisha jambo moja kubwa: anayelima chakula cha nyumbani kwake tu hahesabiwi tena kuwa ameajiriwa. Kabla ya hapo, mama mwenye shamba la mihogo na viazi vya kula alikuwa "kazini". Ukimtoa, kundi la walio kazini linapungua sana na asilimia ya wasio na kazi inaruka juu. UBOS, shirika letu la takwimu, katika utafiti wa nguvukazi wa 2021 lilifuata ufafanuzi mpya likapata karibu asilimia 12. Makadirio ya kimataifa hufuata ule wa zamani ili nchi ziweze kulinganishwa, ndiyo maana yanatoka madogo. Basi mtu akikutajia asilimia, muulize kwanza mkulima wa chakula cha nyumbani amewekwa wapi.

Muulize na umri pia. UBOS huhesabu watu wa miaka 14 hadi 64. "Kijana" kwa sera ya Uganda ni wa miaka 18 hadi 30, kwa ILO ni 15 hadi 24, kwa Umoja wa Afrika ni 15 hadi 35. Ripoti nyingi zinazolia au kujisifu juu ya vijana huwa zimechanganya haya bila kusema.

Kuhusu mji wa dada yako: Marekani wana utafiti wa kila mwezi wa kaya takribani 60,000 nchi nzima, na juu yake wana bima ya kukosa kazi. Anayeachishwa kazi huenda kuomba malipo yake, jina lake likaingia kwenye daftari. Hata hivyo asilimia ya mji mdogo hawaipati kwa kuwahoji watu wa mji huo peke yao. Huikokotoa kutoka kwenye hizo takwimu na madaftari, kisha huirekebisha baadaye. Kwetu hakuna bima hiyo, kwa hiyo hakuna aliye na sababu ya kwenda ofisi yoyote kujiandikisha kuwa hana kazi. Tafiti za nguvukazi za UBOS zilifanywa miaka kama 2011/12, 2016/17 na 2021, na kaya zinazoangukia Jinja ndani yake ni chache mno kuweza kuusemea mji. Sensa ya Mei 2024 ndiyo iliyofika kila nyumba. Ni msingi mzuri, lakini sensa ni picha ya siku moja, na ninyi mnataka mwenendo.

Sasa udhaifu wa ile asilimia. Chukua mfano wa watu wazima 1,000 (namba ni za kufundishia tu, si za Jinja). Wenye kazi ya malipo au faida ni 520. Wasio na kazi na wanaotafuta ni 70. Wanaotaka kazi lakini wameacha kutafuta, au hawawezi kuanza sasa hivi, ni 90. Waliobaki 320 ni wanafunzi, walezi wa nyumba, wagonjwa na wakulima wa chakula cha nyumbani. Asilimia rasmi ni 70 kugawa kwa 590 (wale 520 na 70 kwa pamoja, ndio nguvukazi), yaani 11.9. Sasa tuseme watu 30 kati ya wale 70 wamechoka kusimama kwenye mageti ya viwanda alfajiri na wamerudi kijijini Kamuli au wanakaa tu. Hakuna aliyepata kazi, lakini hesabu sasa ni 40 kugawa kwa 560, yaani 7.1. Gazeti litaandika kwamba ukosefu wa kazi umepungua. Na kinyume chake: kiwanda kikitangaza kuchukua watu, waliokata tamaa huanza kutafuta tena, na asilimia hupanda kabla haijashuka.

Kwa hiyo fuatilieni namba tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni sehemu ya watu wazima wote walio na kazi ya malipo au faida. Katika mfano wetu ni 520 kati ya 1,000, yaani asilimia 52. Hii haidanganywi na kukata tamaa. Ya pili ni wale waliofanya kazi saa chache na wanataka zaidi. Tuseme ni 110 kati ya wale 520: ukiwajumlisha na wale 70 unapata 180 kugawa kwa 590, asilimia 30.5. Ya tatu ni ile pana kuliko zote, inayoongeza pia wale 90: 270 kugawa kwa 680, asilimia 39.7. ILO huviita vipimo vya ukosefu wa kazi LU1 hadi LU4: ile asilimia rasmi ndiyo LU1, hii ya pili ni LU2, na hiyo ya mwisho ndiyo LU4. Mimi ningelazimishwa kuchagua kimoja tu kwa Jinja ningechukua ile asilimia 52 pamoja na wastani wa saa za kazi kwa wiki, na hizo nyingine nizitumie kueleza kilichotokea.

Jambo la pili ambalo wengi hulikosea ni mpaka wa mji. Jinja ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, ilimeza Bugembe, Mafubira na Budondo. Manispaa ya zamani katika sensa ya 2014 ilikuwa na watu karibu 73,000. Ukiilinganisha moja kwa moja na jiji la 2024 utadhani mji umelipuka kwa watu na kwamba kilimo kimeongezeka mjini, kumbe ni mstari tu umesogezwa na mashamba yameingia ndani. Dawa yake ni kuchukua takwimu za 2014 parokia kwa parokia (yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, si la kanisa), kuziongeza zile zilizomezwa, na kulinganisha eneo lilelile.

Hata mpaka mpya hautoshi. Soko la kazi halifuati mpaka wa jiji, linafuata mahali ambapo mtu analala na mahali anapokwenda kufanya kazi. Kiwanda cha nguo cha Nyanza, ambacho wazee bado wanakiita Nytil, na kile cha bia viko Njeru, ng'ambo ya Nile, wilaya ya Buikwe. Kitakwimu ni eneo la Buganda, si Busoga ilipo Jinja. Kiwanda cha sukari kiko Kakira, nje ya jiji. Mtu wa Walukuba anayevuka daraja kila siku kwenda Njeru ni mfanyakazi wa Jinja katika utafiti wa kaya, lakini katika takwimu za waajiri ni wa Buikwe. Wamarekani wanaposema mji pamoja na eneo lake (metropolitan area) wanamaanisha kitovu chenye watu 50,000 au zaidi pamoja na kaunti za jirani ambazo watu wake husafiri kila siku kuja kazini. Kwa mantiki hiyo, Jinja yenu ni jiji lenyewe, Njeru na Kakira. Wekeni hivyo tangu mwanzo na msibadilishe katikati.

Sasa upimaji.

Kaya 450 zinatosha kwa kuanzia: vijiji au seli (vijiji vya mjini) 30, kila kimoja kaya 15. Andikeni orodha ya seli zote za eneo lenu na idadi ya kaya za kila moja. Jumlisheni kaya hizo kwa mfululizo kutoka juu hadi chini, kisha gawanyeni jumla kwa 30 mpate hatua. Chagueni kwa kura namba ya kuanzia iliyo ndani ya hatua hiyo, kisha rukeni hatua baada ya hatua. Seli inayoangukiwa ndiyo inayoingia. Kwa njia hiyo seli kubwa ina nafasi kubwa ya kuchaguliwa, na kaya 15 kila mahali zinaleta usawa. Ndani ya seli, pitieni nyumba zote kwanza na kuziandika, kikiwemo kila chumba kimoja cha kupanga (muzigo) kinachojitegemea, ndipo mchague. Msimwachie mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, awachagulie. Barua ya utambulisho mpelekeeni yeye, hiyo ni lazima, lakini nyumba atakazowapeleka ni za watu anaowafahamu.

Mhoji mmoja hufanya kaya 8 kwa siku kwa raha. Watu 6 watamaliza kwa siku 10, na siku mbili za ziada ziwekwe kwa kuwarudia waliokosekana. Hapa ndipo tafiti nyingi za vyama huharibikia. Mhoji anapita saa nne asubuhi, anawakuta waliokaa nyumbani, anawahoji hao na kuruka milango iliyofungwa. Mlango uliofungwa saa nne ni mlango wa mtu aliye kazini! Kaya iliyochaguliwa irudiwe hadi mara tatu, angalau mara moja jioni au Jumapili, na isibadilishwe na ya jirani. Na kila mtu ajisemee mwenyewe inapowezekana. Mama akimjibia kijana wake atasema "huyo hana kazi," wakati kijana anaosha pikipiki Main Street kila siku na hajawahi kumwambia.

Maswali yawe machache na yafuate mpangilio huu. Msianze na "Je, una kazi?" Anayeuza chapati, anayefua nguo za watu na anayefanya leja-leja (kibarua cha siku) kwenye jengo watajibu kwamba hawana, kwa kuwa kwao kazi ni ile ya ofisini au kiwandani yenye mshahara wa mwezi. Ulizeni matendo: "Katika siku 7 zilizopita ulifanya chochote cha kukuingizia pesa, hata kwa saa moja?" kisha msomeeni mifano: kuendesha boda, kukaanga roleksi (chapati ya mayai), kukata miwa, kupakia lori, kuuza samaki Masese, kusuka nywele, kusaidia duka la ndugu. Akisema hapana, ulizeni kama ana kazi ambayo hakwenda wiki hiyo kwa ugonjwa au likizo, na lini atarudi. Anayelima aulizwe kama mazao ni ya kuuza hasa au ya kula hasa. Halafu saa: zihesabuni siku kwa siku, Jumatatu hadi Jumapili, kwa sababu ukimwomba mtu jumla atakutajia tu "saa arobaini". Aliyefanya chini ya saa 40 aulizwe kama anataka zaidi na kama angeweza kuzifanya.

Kwa asiye na kazi: "Katika wiki nne zilizopita ulifanya nini ili upate kazi?" Acheni ajieleze, kisha wekeni alama. Kumpigia simu msimamizi wa vibarua, kusimama getini, kumwomba shemeji akuulizie, kutafuta mtaji au banda la biashara, vyote ni kutafuta. Fomu inayokubali barua za maombi pekee itawahesabu vijana wenu wengi kuwa "hawatafuti". Asiyetafuta aulizwe sababu, na kama angepewa kazi wiki hii angeichukua.

Tahadhari mbili za hapa kwetu. Tangu Mpango wa Maendeleo wa Parokia uanze 2022, kila mwenye fomu anadhaniwa analeta ile shilingi milioni moja ya serikali, na watu hujitangaza hawana kitu. Wengine wanadhani ni kodi, nao wanaficha kibanda chao. Maneno ya utangulizi yaseme wazi, kabla ya swali la kwanza, kwamba hakuna pesa itakayotoka wala kodi itakayokuja. Majina na namba za simu zikae karatasi tofauti na majibu, zikiunganishwa kwa namba ya siri tu. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka ridhaa ya mhojiwa, na inawahusu hata ninyi.

Je, namba mtakayopata itaaminika kiasi gani? Kaya 450 zikitoa kama watu 675 walio katika nguvukazi, na kwa kuwa majirani hufanana (hilo hupunguza nguvu ya sampuli, chukulieni kigawanyo cha 1.5), ni kama mmehoji watu 450 waliotawanyika ovyo. Mkipata asilimia 12, ukweli uko karibu kati ya 9 na 15. Mkirudia mwaka unaofuata na kuwahoji watu wengine kabisa, mkapata 14, hamjaona chochote: badiliko lolote lililo chini ya pointi 4.4 hivi linaweza kuwa bahati tu. Msikimbilie redioni. Njia rahisi ya kupunguza hilo bila kuongeza kaya ni kurudi kwa kaya zilezile. Katika kila duru bakizeni theluthi mbili za kaya za zamani na leteni theluthi moja mpya. Mtu yuleyule akiulizwa mara mbili, badiliko lake linaonekana wazi zaidi, na mtajua pia nani ametoka kazi gani kwenda ipi. Waliohama wafuatilieni walau kwa simu. Waliokwenda Saudi Arabia au Kampala wakifutwa tu kwenye orodha, Jinja itaonekana nafuu kwa sababu wenye shida wameondoka.

Katikati ya duru mbili mnahitaji dalili za kila mwezi. Nzuri kuliko zote, na ya bure, ni idadi ya vibarua wanaoingizwa na wanaorudishwa getini. Chagueni mageti matano, pande zote mbili za mto, mhesabu asubuhi moja ya siku ileile ya wiki. Ya pili ni steji za boda: waendeshaji wangapi, na kila mmoja amepata abiria wangapi hadi saa sita. Waendeshaji wakiongezeka na abiria kwa kila mmoja wakipungua, kazi zinakauka kwingine na watu wanakimbilia pikipiki. Ya tatu iko kwa kamishna wa kazi: Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri anayepunguza watu 10 au zaidi ndani ya miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi kutoa taarifa kwa maandishi. Lakini kibarua hayumo humo. Kanuni za 2011 zinasema mtu asikae kibarua zaidi ya miezi minne bila mkataba wa maandishi, na matokeo yake wengi huachishwa karibu na mwezi wa nne na kuchukuliwa upya. Kupungua kwa ajira katika viwanda vya Jinja hutokea zaidi hapo, kimyakimya, bila barua ya mtu.

Data nyingine zinahitaji jicho kali. Wanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, waliongezeka baada ya sheria ya 2022 kuwalazimu waajiri wote kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja, wakati zamani ilikuwa wenye watano na kuendelea. Ongezeko hilo kwa sehemu ni la karatasi, si la ajira. Michango na kodi za mishahara pia huandikwa mara nyingi mahali yalipo makao makuu, hivyo mlinzi wa benki ya Jinja anaweza kuonekana ni wa Kampala. Leseni za biashara hupanda mwanzoni mwa mwaka na kila askari wa jiji wanapofanya msako. Umeme wa viwandani ni kipimo kizuri cha uzalishaji, ila usambazaji ulitoka kampuni ya Umeme kwenda shirika la serikali la UEDCL Aprili 2025, na mfululizo unaovuka tarehe hiyo hauunganishwi bila kuuchunguza.

Mkitazama nyuma, chagueni mwaka wa kulinganisha kwa uangalifu. Jinja ya viwanda ilijengwa juu ya umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954, na shaba ya Kilembe iliyoletwa kwa reli kuyeyushwa hapa. Kufukuzwa kwa Waasia 1972 na kufa kwa shaba viliondoa kazi ambazo hazikurudi kwa sura ileile. Ujenzi wa Bujagali, uliokamilika 2012, ulileta kazi nyingi za muda. Atakayeanza mstari wake wakati huo ataona anguko lisiloepukika. Na 2020 hadi Januari 2022, shule zilipofungwa, walimu wa shule binafsi waligeuka wauza mboga. Mstari unaoanza 2021 utapanda tu, hata kama hakuna aliyefanya lolote.

Duru zenu ziwe mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, nje ya likizo ndefu za shule, na Machi ilinganishwe na Machi tu. Mvua, kupanda mashamba na miwa inayokwama njiani hubadilisha vibarua kila msimu. Miezi ya kampeni za uchaguzi iepukeni, pesa ya kubandika mabango huonekana kama ajira. Septemba ina faida nyingine: mwaka wa fedha huanza Julai, na halmashauri hufanya mikutano ya bajeti miezi ya mwisho ya mwaka wa kalenda uliotangulia. Mkimaliza hesabu kufikia katikati ya Oktoba, mtaingia mkutanoni na karatasi moja yenye namba tatu, ukubwa wa kosa la kila namba, na seli ambazo saa za kazi ni chache kuliko kwingine.